Jinsi ya kutoa adapta iliyogandia kwenye spindo ya leithi kuukuu

Adapta ya spindo ni kile kipande cha chuma cha kasti kinachofungwa kwa thredi kwenye pua ya spindo, yaani ule mhimili unaozunguka wa leithi (mashine ya kukerezea chuma), kisha chaki, kile kishikio cha kazi inayokerezwa, hufungwa juu yake kwa boliti. Isipotolewa miaka mingi hugandia hadi fundi akadhani imechomelewa. Wengi huanza kwa kutafuta bomba refu na nyundo kubwa, na hapo ndipo mashine inapoharibika. Kinachoamua kazi hii ni jinsi ulivyoishika spindo, wala si ukubwa wa nguvu unayoweka kwenye adapta. Adapta nyingine inaweza kukerezwa kwenye karakana yoyote ya mjini Tabora au Kigoma yenye leithi nzima. Gia kubwa ya spindo ikishang'oka meno huipati dukani. Itabidi ichongwe upya kwa mashine ya kugawanya meno, na gharama yake itakufanya ujute. Kwa hiyo popote utakapolazimika kuchagua kitu cha kuhatarisha, hatarisha adapta.

Jua kwanza una pua ya aina gani

Wajerumani ndio walioifikisha reli ya kati Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha Waingereza wakaishika. Kwa hiyo ukikuta mashine ya inchi ya Kiingereza na ya milimita ya Kijerumani katika karakana moja, usishangae, na usikisie. Pima. Leithi za South Bend za inchi 9 na za Boxford nyingi za zamani zina pua ya inchi 1½ yenye thredi 8 kwa inchi. Myford za mfululizo wa 7 zina inchi 1⅛, thredi 12 kwa inchi. Mashine za Kijerumani za zamani mara nyingi ni za milimita.

Lakini kuna pua zisizo na thredi kabisa, na kuzipiga kwa bomba ni kuziua bure.

Ukiona kwenye ukingo wa pua vishimo vitatu au sita vyenye tundu la mraba la kuingizia ufunguo, hiyo ni kamloki, yaani pua inayoshika kwa kamu (pini za kuzungusha): D1-3 na D1-4 zina vitatu, D1-6 ina sita. Zungusha kila kamu mpaka alama yake ikutane na mstari uliochorwa kwenye pua. Kamu moja tu ikibaki imeshika, adapta haitoki hata uifanyeje. Zote zikishaachia, piga ukingo wa adapta kwa nyundo ya shaba, zungusha theluthi ya mzunguko, piga tena. Kinachoishika hapo ni kutu kwenye koni fupi, nayo huachia ghafla, kwa hiyo weka ubao chini yake.

Ukiona ringi kubwa yenye mapengo ya spana ya ndoano nyuma ya adapta, pamoja na koni ndefu yenye kii, hiyo ni L00 au ndugu zake wakubwa. Fungua ringi. Italegea, itazunguka kidogo, kisha itakuwa ngumu tena. Wengi husimama hapo wakidhani wamekosea. Endelea: ugumu huo wa pili ni ringi yenyewe inayoivuta adapta itoke kwenye koni.

Maelezo yanayofuata ni ya pua ya thredi, ambayo ndiyo yenye taabu.

Kwa nini inagandia

Kinachoshika si thredi peke yake. Adapta inapofungwa hadi mwisho, uso wake hugota kwenye bega la spindo, ile sehemu nene iliyo nyuma ya thredi, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio kufuli lenyewe. Mashine inapokata, kazi huipinga chaki isizunguke, na upinzani huo huikaza adapta zaidi. Kisu kikinasa ghafla kwenye kazi kubwa, au mtu akiwa na mazoea ya kuwasha mota ili adapta ijifunge yenyewe, inakazwa kwa pigo moja ambalo mkono hauwezi kulifungua.

Halafu kuna chengachenga za chuma zilizobaki ndani ya thredi, na kutu. Kando ya Ziwa Tanganyika unyevu hauondoki, na mashine iliyokaa bila kazi karibu na maji hushika kutu kwenye bega mapema sana. Tabora shida kubwa ni vumbi la kiangazi: huchanganyika na mafuta ya zamani yakawa gundi. Kutu huhitaji mafuta ya kupenya na muda. Gundi ya vumbi huhitaji joto. Ukijua ipi ni yako, utaokoa siku nzima.

Vifaa

– Flatibaa ya mm 50 × 12, urefu wa mita 1 hadi 1.2
– Boliti mbili zinazolingana na matundu ya adapta, mara nyingi M8, M10 au ⅜
– Vipande viwili vya mbao ngumu, mninga au mkurungu mkavu, mm 75 × 100, urefu wa sm 60
– Boliti nne za M12 zenye washa pana
– Kipande cha ngozi nene au laini (lining) kuukuu ya breki
– Mafuta ya kupenya, nusu lita inatosha na kubaki
– Tochi ya gesi au mashine ya hewa moto
– Nyundo ya kilo 1, nyundo ya shaba au ya mbao, ubao wa kufunika kitanda cha mashine
– Ndoo ya lita 20, mchanga na kamba

Mafuta ya kupenya yakikosekana, changanya ATF, yale mafuta mekundu ya gia za otomatiki, na asetoni ya kwa wauza rangi, nusu kwa nusu. Tikisa kila unapotaka kutumia kwa sababu hujitenga, na usiyaache karibu na moto wowote. Dizeli au mafuta ya taa pia hupenya ila polepole. Mawese na alizeti waachie wapishi. Mafuta ya kula hukauka yakawa kama vanishi, na ukipasha joto baadaye umejiongezea gundi.

Zima umeme kwenye swichi kuu

Usiridhike na kuzima swichi ya mashine. Chomoa au zima kwenye ukuta, na kama kuna mkanda, uvue kwenye puli ya mota. Umeme ukikatika katikati ya kazi mtu husahau swichi ilikuwa upande gani, na ukirudi wakati flatibaa ya mita moja imefungwa kwenye spindo, kitakachotokea hakihitaji maelezo.

Toa chaki, ibaki adapta peke yake

Ubao juu ya kitanda kwanza. Chaki ya mm 200 ina uzito wa kilo 15 hadi 20, na ikidondoka kwenye reli za kitanda inaacha jeraha la kudumu. Legeza boliti zinazoifunga chaki kwenye adapta. Kwa chaki nyingi vichwa vya boliti viko nyuma, kwa nyingine viko usoni. Chaki hukaa kwenye kingo iliyobana, kwa hiyo boliti zikitoka bado itashika. Ipigepige pembeni kwa nyundo ya mbao huku mtu wa pili ameishika.

Kuna faida mbili. Unapata matundu ya boliti ambayo flatibaa itashikilia bila kuteleza, na unaona mwanzo wa thredi kwa mbele, mahali pa kumimina mafuta.

Kabla ya kwenda mbele, kwangua rangi na uchafu kwenye kitovu cha adapta, yaani ile sehemu nene iliyoshika thredi. Tafuta sikurubu isiyo na kichwa iliyozama kwenye tundu. Wenye mashine za kukata mbele na nyuma mara nyingi waliiweka ili chaki isijifungue, na rangi ya miaka huificha. Mara nyingine kuna ndoano ndogo mbili za kushikilia ukingo. Fungua hivyo vyote. Adapta ambayo imeshinda watu watatu, mara nyingi ina sikurubu waliyoipaka rangi wenyewe.

Mafuta, na subira

Yatie sehemu mbili: kwenye mstari ambapo uso wa adapta unakutana na bega la spindo, na kwa mbele ambapo thredi inaonekana. Spindo imelala, kwa hiyo mafuta yote hukimbilia chini. Zungusha spindo nusu mzunguko kwa mkono kila baada ya saa mbili tatu na uongeze. Yaache yakae saa 24 angalau. Mara mojamoja gonga kitovu pande zote kwa nyundo, mapigo mepesi yanayolia. Mtikisiko huo ndio unaofungua njia ya mafuta. Usigonge ukingo mwembamba wa adapta, kasti huvunjika bila kuonya.

Kushika spindo

Hapa usiwe na haraka.

Leithi nyingi za zamani zenye puli ya ngazi zina bakigia, yaani gia za kupunguza mwendo wa spindo. Ukiiingiza bakigia bila kutoa ile pini inayounganisha puli na gia kubwa, spindo hujifunga kabisa isizunguke. Inaonekana kama kufuli la bure lililowekwa kwa ajili ya kazi hii. Usilitumie. Nguvu yote inapita kwenye jino moja au mawili, na meno hayo ni ya kasti, kwenye baadhi ya mashine ni ya aloi ya zinki. Mkazo mdogo wa mkono yanavumilia. Pigo la nyundo hayavumilii. Ukikuta gia ya spindo yenye pengo la meno mawili kwenye mashine ya mtumba, aghalabu hivyo ndivyo lilivyopatikana.

Njia salama ni kibano cha mbao. Chukua vile vipande viwili vya mninga, vibane pamoja, toboa tundu lenye kipenyo sawa na sehemu laini ya spindo, kisha viachanishe na uvipunguze kila kimoja milimita 1 hadi 2 ili vikikazwa visigusane. Ndani weka ngozi au laini ya breki. Funga kwa boliti za M12, mbili kila upande. Mahali pazuri pa kushika ni kola laini kati ya hedistoki (kile kichwa cha kushoto kinachobeba spindo) na bega, kama mashine yako inayo. Nyingi zina milimita 10 hadi 15 tu hapo, nazo zinatosha kama mbao zimechongwa nyembamba mdomoni. Pasipo kola, shika ncha ya spindo inayotokeza kushoto mwa hedistoki, mbali na nati ya beringi.

Kote huko kukikosekana, shika ngazi kubwa ya puli kwa mbao hizo hizo, bakigia ikiwa nje na pini ikiwa ndani. Mzigo utapita kwenye pini na kwenda moja kwa moja kwenye spindo bila kugusa meno ya bakigia.

Mkono mrefu wa kibano uelekee mbele, upande anaosimama mwendeshaji, na chini yake simamisha nguzo ya mbao hadi sakafuni. Utaona sababu sasa hivi.

Upande wa kufungua

Karibu pua zote za thredi ni za kulia. Simama upande wa telistoki, yaani ncha ya kulia ya mashine, ukiitazama adapta usoni: inafunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwa aliyesimama mahali pa kufanyia kazi, juu ya adapta kunakuja kwake, na mbele kunashuka. Kwa hiyo flatibaa iliyolala kuelekea kwako inasukumwa chini. Spindo nayo itataka kufuata upande huo huo, ndiyo maana mkono wa kibano unaegemea nguzo kwa chini.

Toboa flatibaa matundu mawili yanayolingana na matundu mawili ya adapta yaliyo mbali zaidi, uifunge kwa boliti mpaka ilale sawasawa. Usitumie boliti moja. Itapinda adapta upande mmoja na inaweza kuipasua.

Kukaza na kugonga

Sukuma kwanza kwa uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 kwenye ncha ya mita moja anatoa karibu Nm 600, na adapta nyingi huachia hapo kwa mlio mkali.

Ikikataa, usiongeze bomba. Tundika kwenye ncha ya flatibaa ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga, kilo thelathini na kitu, sm 5 tu kutoka sakafuni ili ikiachia isianguke mbali. Kisha, ndoo ikiwa inavuta, gonga kitovu kwa nyundo ya kilo moja, pande zote, na uongeze mafuta. Mvuto usiokatika pamoja na mtikisiko hufanya kile ambacho pigo moja kubwa haliwezi. Unaweza kuiacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta ndoo imekaa chini, ujue kazi imekwisha.

Kama chaki haikuweza kutoka kwenye adapta, ipo njia ya gogo. Simamisha kipande cha mbao ngumu juu ya reli ya nyuma ya kitanda, kifike kwenye taya moja ya chaki. Vuta mkanda kwa mkono, spindo izunguke kinyume ili juu ya chaki kuende mbali nawe: taya itashuka kwa nyuma na kulipiga gogo. Rudisha robo mzunguko, vuta tena kwa nguvu. Fanya kwa mkono tu. Kuwasha mota kinyume ili taya ipige gogo huwavutia wengi, na matokeo yake ni mkanda uliokatika, au chaki iliyofunguka ikirukia kifua.

Joto

Ikifika hapa bado imegoma, pasha. Futa kwanza mafuta yote, na chombo cha asetoni kitoke nje kabisa.

Unapasha kitovu cha adapta, si spindo. Chuma cha kasti hutanuka kiasi cha sehemu 10 hadi 11 katika milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja. Kwa tundu la mm 40, adapta ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya spindo, tundu linakua kwa karibu mm 0.04. Ni kidogo, lakini kinatosha kuvunja kutu na kulainisha gundi. Siri ni tofauti ya joto kati ya vitu viwili. Ukipasha taratibu mno vyote vinapata joto na hupati kitu.

Funga kitambaa kilicholowa maji kwenye kola ya spindo kuilinda beringi. Beringi za madini meupe huanza kulainika kabla ya nyuzi 240, na za shaba zina tambi za mafuta zinazoungua. Ndani ya tundu la spindo ingiza barafu iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba. Kigoma haitakusumbua kuipata, wauza samaki wa Kibirizi wanayo. Tabora tafuta kwenye friji ya duka la vinywaji.

Zungusha moto pande zote za kitovu, usisimame mahali pamoja. Dondoshea tone la maji: likiruka na kuchemka papo hapo, umepita nyuzi 100. Dakika moja zaidi inatosha. Ukiona chuma kinaanza kuwa buluu umefika nyuzi 300, umepitiliza. Hapo hapo kaza flatibaa. Ikiachia, izungushe itoke ingali moto. Isipoachia, iache ipoe yenyewe na urudie mara mbili tatu, ukitia mafuta ikiwa vuguvugu tu, kwa kuwa inapopoa huyanyonya ndani. Usimwagie maji: kasti hupasuka.

Ikishaachia ikakwama katikati

Usiilazimishe. Kuna chengachenga imekunjwa kwenye thredi. Rudisha robo mzunguko, tia mafuta, fungua, rudisha, kama unavyokata thredi kwa tepu. Thredi ya spindo ikikwaruzwa hapo, kila adapta itakayokuja itakaa vibaya.

Kuikata

Kuna adapta isiyotoka. Usiendelee kuitesa spindo: mashine yako ni leithi, ina uwezo wa kuikereza adapta ikiwa mahali pake mpaka iishe. Nguvu za kukata zitaikaza zaidi, lakini haijalishi tena.

Pima au tafuta kipenyo cha nje cha thredi. Kwa pua ya inchi 1½ ni mm 38.1. Kereza adapta yote, ukingo na kitovu, mpaka kitovu kifike mm 42. Umebakiza gamba la karibu mm 2. Kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia) anza na mwendo wa mita 20 kwa dakika: adapta yenye kipenyo cha mm 120 inataka mizunguko kama 50 kwa dakika, hivyo tumia bakigia kama kawaida, pini ikiwa nje. Kasti hukatwa bila maji, na vumbi lake jeusi hula reli za kitanda. Zifunike kwa magazeti yaliyolowa mafuta.

Kisha kata mfereji kwa urefu wa gamba kwa msumeno wa chuma, ukibakiza nusu milimita. Ingiza tindo kwenye mfereji na upige pigo moja: gamba litapasuka na kulegea. Grenda ni ya haraka, lakini mkono ukiteleza imekula thredi ya spindo, na kitu pekee usichotaka kukigusa ni hicho.

Kusafisha na kufunga nyingine

Sugua thredi kwa brashi ya shaba na mafuta ya taa, kisha vuta uzi wa katani ndani ya mifereji mpaka utoke msafi. Pitisha ukucha kwenye bega. Palipoinuka punguza kwa jiwe la mafuta, si tupa. Ukiwa na saa ya kupimia, gusa bega na koni ya ndani huku ukizungusha kwa mkono. Mtikisiko wa mm 0.01 ni mzuri, ukizidi 0.03 angalia beringi kabla ya kulaumu adapta.

Adapta mpya ipakwe tone mbili za mafuta mepesi ya mashine, si grisi, kwa maana grisi hushika chenga. Ifunge kwa mkono hadi igote, ukimalizia kwa mzunguko mdogo wa haraka wa kiganja. Haihitaji zaidi. Usiiendeshe mashine kinyume ikiwa na chaki ya thredi isiyo na kishikizo, na kila miezi mitatu ifungue uipanguse, hata kama haina kosa. Kwa karakana iliyo ufukweni, fanya hivyo kila mwezi wakati wa masika.